Gitaa moja katika Ukumbi Mkuu wa Makerere

Mkenya akihamia Kampala, waliomtangulia humwonyesha nyumba ya kupanga, stendi ya bodaboda inayoaminika na duka la kubadilisha pesa. Hakuna anayemwambia kwamba huku kuna muziki utakaomrudisha kwenye redio ya nyumbani Jumapili asubuhi. Upo. Unaitwa kadongo kamu, yaani “gitaa dogo moja” kwa Luganda: mwimbaji, gitaa lake na kisa. Ningependa kila mgeni ausikie kwanza ukumbini, watu wakiwa wameketi, kabla hajausikia baa.

Nimekulia Bonde la Ufa, katika nyumba ambayo Jumapili bila Jim Reeves na Dolly Parton, waimbaji wa country wa Marekani, haikuwa Jumapili. Baba yangu hakuwahi kufika Tennessee. Nyimbo zile za shamba, mama, treni na ndoa iliyovunjika aliziona zake. Reeves alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1964, nasi watoto tuliozaliwa miaka mingi baadaye tulimjua kwa sauti kama tunavyomjua mjomba.

Basi niliposikia kwamba mwimbaji mmoja wa kadongo kamu, mtunzi wa nyimbo zake mwenyewe, atapiga katika Ukumbi Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, nilitoka kazini mapema. Jengo Kuu la chuo liliungua Septemba 2020, likafunguliwa tena mwaka 2024, na kuingia mle ndani kwenda kusikiliza gitaa tu kulinipa furaha ya pekee. Alitoka peke yake na gitaa la mbao, akavuta kiti, akaketi. Hakuna kinanda, hakuna wacheza dansi. Kidole gumba kilishika besi, vingine vikajibu juu yake, na maneno yakaanza kumwagika.

Luganda langu ni la sokoni. Nashukuru niliketi karibu na mzee mmoja aliyejifunza Kiswahili akiwa kijana wa reli Nairobi, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani haijavunjika mwaka 1977.

“Mwanangu, unamsikia?”

“Kidogo tu, Mzee.”

“Sogea basi, nikuambie.”

Wimbo ulikuwa wa kijana aliyekwenda kyeyo, yaani kazi za kibarua ughaibuni, huko Uarabuni. Kila mwezi anatuma pesa kwa kaka yake ajenge nyumba kwenye kibanja cha marehemu baba yao. Kaka anatuma picha: msingi, kuta, bati. Kijana anarudi, anamwonyesha dereva picha ampeleke. Dereva anamwambia, “Ssebo (bwana), hii ni nyumba ya mwalimu wetu.” Ukumbi ulicheka, halafu ubeti uliofuata, kijana akiwa kaburini kwa baba yake na sanduku mkononi, ukawanyamazisha wote. Mimi yote yalinifikia kwa kuchelewa, kupitia kwa mzee, na bado yalinichoma. Nani kati yetu tulio nje hajawahi kutuma pesa ya msingi?

Hapo ndipo ninaposema ukumbi wa chuo unaufaa muziki huu kuliko mahali pengine popote. Nyimbo zake ni ndefu, ni visa vyenye mwanzo na mwisho; ukipitwa na ubeti mmoja kwa sababu ya kelele za chupa, umepotea. Wanafunzi wengine huuita muziki wa wazee wa kijijini. Waliokuwa mle hawakuinua simu zao hadi kisa kilipoisha.

Elly Wamala na Fred Masagazi ni miongoni mwa waimbaji waliofungua njia ya muziki huu. Kati ya waliowafuata, Herman Basudde alifariki mwaka 1997, Paulo Kafeero mwaka 2007, na hadi leo dereva wa teksi ya Masaka akimweka Kafeero, abiria wanaimba naye. Makerere inahifadhi kumbukumbu za sauti zenye jina la Klaus Wachsmann, aliyezunguka Uganda akirekodi muziki wa makabila yake alipokuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho. Ni kazi ya thamani kubwa. Lakini watunzi walio hai nao wapewe jukwaa mara kwa mara, walipwe vizuri, na warekodiwe wakiwa na nguvu zao.

Kwa Wakenya na Watanzania mlioko Kampala: mkisikia kuna onyesho kama hili, shukeni Wandegeya mpande kilima kwa miguu, si mbali. Fikeni mapema. Na tafuteni kiti karibu na mzee anayejua Kiswahili. Mwombeni kwa adabu, atawatafsiria hadi wimbo wa mwisho.