Chokaa, Masizi na Ndara: Siku Sita za Kuchora Lamu

Riziki yangu inatoka kwenye ufamasia. Uchoraji ni wa usiku, watoto wakishalala na vyombo vikishaoshwa, na kwa muda wa miaka sita niliufanya kwa njia moja tu: nilitafuta picha kwenye simu, nikaiegemeza simu kwenye chupa ya maji, nikaiiga. Kwa njia hiyo nilichora majahazi matano ya Lamu wakati wa machweo bila ya kuwahi kufika Lamu, ingawa naishi Mombasa na mabasi ya kwenda huko huondoka kila siku. Jirani yangu alipoyatazama yote matano aliniuliza kwa nini matanga yote yamevimba upande mmoja. Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa la aibu: yote yalitoka kwenye picha moja.

Nilipopata likizo mwezi wa Agosti, nikaamua kwenda. Nilijiwekea masharti mawili, kwamba simu ingebaki mkobani kila nitakapokuwa nachora, na kwamba rangi zote ningezitengeneza kwa vitu nitakavyovipata kule kule. Nilichukua madaftari mawili, kalamu za risasi, brashi mbili, kichupa cha spiriti ya kusafishia vidonda, na pakiti ya gundi ya mgunga, ile ambayo sisi wafamasia tulifundishwa kuitumia ili unga wa dawa usitue chini ya chupa. Nilikuwa na dhana kwamba kinachozuia dawa isitue kitazuia na rangi isitue.

Basi liliondoka kabla ya alfajiri, nami nililala mpaka Malindi. Baada ya Garsen tulivuka Mto Tana, tukapita Witu, na nje ya dirisha kila kitu kilikuwa kijani mpaka nikachoka nacho. Mokowe, kwenye gati la bara, tulipanda boti ya kutuvusha mpaka kisiwani. Pepo za kusi zilikuwa bado zinavuma, nami kwa ugeni wangu nikachagua kukaa upande wa upepo, na wimbi la tatu likaingia moja kwa moja mkobani. Daftari moja lililowa nusu. Duka lililoniuzia lilikuwa limenihakikishia kwamba karatasi ile ni ya rangi za maji. Ilipokauka ilijikunja kama ukoko wa wali uliobanduliwa sufuriani.

Siku mbili za mwanzo zilipotea bandarini. Nilikaa kwenye ukuta wa ufukwe nikachora majahazi, kwa kuwa hilo ndilo nililolijua, na kila mchoro ulitoka kama yale matano ya nyumbani. Kilichoninasua ni kitu kidogo. Jahazi moja lilikuwa limepandishwa mchangani maji yalipokupwa, na mzee mmoja alikuwa akipaka chokaa upya kwenye duara la mbao lililo ubavuni mwa omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, duara lenye mwezi na nyota ndani yake. Nilimwamkia, nikamwuliza pambo lile linaitwaje.

“Hayo si pambo,” alinijibu kwa Kiamu chake. “Hayo ni mato. Chombo nacho huona ndia.”

Nililichora jicho lile peke yake, ukurasa mzima, bila tanga, bila bahari, bila jua kutua. Nyufa za chokaa kuukuu zilionekana chini ya chokaa mpya, na ukingo wa duara ulikuwa umelika upande mmoja kwa kusuguana na kamba. Huo ulikuwa mchoro wa kwanza ambao sikuuonea haya.

Nilikuwa nimefikia kwa mama wa mfanyakazi mwenzangu, katika mtaa wa Mkomani, kwenye nyumba ya mawe ya zamani. Mtu akitoka kwenye njia nyembamba ambamo punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma, huingia kwanza daka, yaani ukumbi wa mlangoni wenye baraza mbili, kisha tekani, kijiukumbi cha ndani, kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, na kutoka hapo vyumba hupangana kimoja nyuma ya kingine: msana, yaani ukumbi mrefu, wa mbele, msana wa nyuma, halafu chumba kiitwacho ndani. Vyumba hivyo ni virefu lakini ni vyembamba, kwa sababu dari hushikiliwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kubeba uzito wa chokaa na mawe ikizidi takriban mita tatu. Dirisha la barabarani hakuna. Mwanga wote huingia kupitia kiwandani, na kadiri unavyokwenda ndani ndivyo unavyopungua, mpaka chumba cha mwisho hupata mabaki tu.

Na katika chumba hicho cha mwisho ndimo mlimokuwa na vidaka. Nilikuwa nimewahi kuviona katika picha na kuvipita haraka, kwa kuwa pichani ni ukuta mweupe wenye mashimo. Mbele ya macho ni kitu kingine. Ni safu juu ya safu za visanduku vilivyojengwa ndani ya ukuta, vyenye matao yaliyochongwa katika lipu ya chokaa, mahali ambapo zamani zilipangwa sahani na mabakuli ya kaure kutoka China, na kila ukingo umetiwa nakshi nyembamba isiyozidi unene wa kidole. Hakuna rangi hata moja. Nakshi hiyo huonekana kwa sababu mwanga hufika ukutani kwa ubavu, ukaacha uzi wa kivuli chini ya kila ukingo. Saa nne asubuhi uzi ule ulikuwa wa kijivu. Adhuhuri ulikaribia kutoweka, na alasiri ukarudi, upande wa pili, ukiwa na wekundu kidogo kutokana na ukuta wa kiwanda uliokuwa umepigwa jua.

Mwenyeji wangu alinikuta nimekaa juu ya mkeka, nimeukodolea macho ukuta.

“Mwanangu,” alisema, “umetoka Mombasa yote hiyo kuja kuchora ukuta mweupe?”

“Ndiyo, mama. Na umenishinda.”

Ulikuwa umenishinda kweli. Kalamu ya risasi juu ya karatasi nyeupe iliuchafua tu ukuta, ukaonekana umeota ukungu. Ndipo nikafikiri kuligeuza jambo lenyewe: nitie karatasi giza kwanza, kisha weupe niuweke juu, kama mwanga unavyoingia chumbani mle. Giza nililipata jikoni, chini ya sufuria iliyopikiwa kuni. Nilikwangua masizi kwa kijiko, nikayamimina majini, nayo yakaelea juu yakakataa katakata kuzama, kwa kuwa masizi yana mafuta mafuta. Hapo spiriti ilifanya kazi yake. Matone machache yaliyalainisha yakawa uji, nikaongeza gundi iliyoyeyushwa, nikasaga kwa mgongo wa kijiko kwa muda wa kama nusu saa, na nikapata wino mweusi mzito ambao hata kesho yake ulikuwa umetua kidogo tu. Mwenyeji wangu alinusa kichupa akasema wino wa chuo cha Kurani, alipokuwa mtoto, ulinuka vivyo hivyo.

Neno hilo lilinikumbusha Siyu, katika kisiwa cha Pate, ambako katika karne ya 18 na ya 19 waandishi walinakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa nakshi za wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Rangi tatu ziliwatosha. Mimi nyumbani nina kasha la rangi ishirini na nne, na nusu yake sijawahi kuzifungua.

Chokaa niliipata kwa fundi aliyekuwa akikarabati nyumba ya jirani. Nilikoroga, nikapaka juu ya wino mweusi, na kwa saa moja nilijiona nimefaulu, kwa maana weupe ule ulikuwa ule ule wa ukutani, mkavu, usiong’aa. Kisha karatasi ikakauka, nikaiinua, na vidaka vyangu vyote vikadondoka mapajani. Chokaa hugeuka jiwe kwa kuvuta hewa, na jiwe halikunjiki. Ukutani hushikana na jiwe mwenzake. Juu ya karatasi inayonepa haina pa kushika. Niliomba kipande cha ubao kutoka kwa fundi yule yule, nikaparuza uso wake, nikaanza upya, na safari hii ilishika.

Ajali iliyonifurahisha kuliko zote ilitokea siku ya nne. Nilitaka ule wekundu hafifu wa alasiri, nami sikuwa na rangi nyekundu. Nilikuwa na manjano ya jikoni tu, yaliyokorogwa kwa maji, nikapaka mkondo mmoja wa njano chini ya tao, na kwa haraka nikapitisha juu yake brashi iliyokuwa na chokaa mbichi. Njano iligeuka nyekundu papo hapo, nyekundu ya matofali, kana kwamba ubao umetokwa na damu. Nilipaswa kulitarajia. Manjano hubadilika rangi yakikutana na alkali, na chokaa ni alkali kali. Katika maabara ya chuo tuliwahi kutumbukiza karatasi zilizopakwa manjano kwa kazi hiyo hiyo. Lakini kulijua jambo katika bomba la kioo ni tofauti na kuliona likitokea chini ya tao ulilolichora kwa siku mbili. Kwa bahati mbaya rangi ya manjano haivumilii jua: kipande cha majaribio nilichokianika kiwandani kilikuwa kimeanza kufifia baada ya siku mbili.

Shela, kijiji cha jirani, nilikwenda kwa miguu, nikaona mnara wa msikiti wa Ijumaa, nikarudi bila mchoro kwa kuwa jua lilinipasua kichwa. Kwenye Ngome ya Lamu nilikaa zaidi. Ngome ile ilikamilika mwaka 1821, na kuanzia 1910 hadi 1984 ilikuwa gereza. Kuta zake ni nene na tupu, nami baada ya vidaka nilikuta sina la kufanya nazo.

Kwa fundi wa nakshi za milango, kinyume chake, nililazimika kufukuzwa na magharibi. Alikuwa akichonga mfaa, ule mti wa katikati ambao mbao mbili za mlango hukutania, na kazi yake ilianza kwa bikari. Alipiga duara, kisha, bila kubadilisha upana wa bikari, akatembeza ncha yake juu ya mzingo wa duara lile: mara sita, akarudi pale pale alipoanzia. Kutoka kila alama alipiga tao, na ua lenye petali sita likatokea, halafu jingine likashikana nalo, na jingine, mpaka mwisho wa mti. Hakupima kwa rula hata mara moja. Patasi ilifuata baadaye, akiigonga polepole na kuupeperusha unga wa mbao kwa pumzi.

Nilikwenda kwenye ukingo wa maji nikaokota ndara. Ufukwe wa Lamu hauna upungufu wa ndara zilizotupwa na bahari. Hapa ndipo palipojengwa Flipflopi, chombo cha plastiki iliyookotwa kilichofunikwa kwa vipande vya ndara za kila rangi, kilichozinduliwa mwaka 2018. Mimi nilihitaji soli moja tu. Nilipiga ua la petali sita kwa bikari ya kuazima, nikachonga kwa wembe wa hospitali, nikapaka wino wa masizi, nikagandamiza juu ya ile karatasi iliyoharibiwa na maji ya bahari. Mahali palipokauka chumvi wino ulikataa kuingia sawasawa, ukaacha vidoa kama vya lipu iliyoliwa na unyevu. Nilipiga muhuri mara arubaini.

Kesho yake nilimpelekea fundi karatasi ile. Aliitazama kwa muda, akaomba ile ndara.

“Dada, maua yako ni mazuri, lakini hayana pa kuishia,” alisema. “Mlango una mpaka. Ukikosa mpaka, jicho latoka nje laenda zake.”

Alichukua wembe, akakata mstari mmoja mwembamba pembeni mwa soli. Kazi ya sekunde chache. Nilirudia mihuri yote arubaini usiku ule ule kwenye daftari la pili, na jirani yangu wa Mombasa ndiye atakayepewa.

Niliondoka siku ya saba kwa boti ya kwanza, nikakaa upande usio na upepo. Barabarani, baada ya Mokowe, basi lilisimamishwa kwa ukaguzi wa kawaida, tukashuka sote na mizigo. Askari kijana alifungua mkoba wangu, akatoa vichupa viwili vyenye kitu cheusi, kisha mfuko wa plastiki wenye unga mweupe. Aliuinua juu kidogo kuliko ilivyohitajika.

“Mama, unga gani huu?”

“Chokaa ya ukuta.”

“Na kazi yako?”

“Mfamasia,” nilisema, na papo hapo nikatamani ningezaliwa mwalimu.

Abiria walikuwa wamekwisha kunizunguka. Niliomba ruhusa, nikachana karatasi, nikapaka manjano kwa mate ya kidole kwa kuwa maji yalikuwa ndani ya basi, nikanyunyiza chokaa juu yake, nikasugua. Wekundu ulipotokea, mama mmoja nyuma yangu alipiga bismillahi. Askari alimwita mwenzake aje aone, nikalazimika kurudia. Dereva alipoanza kupiga honi, kijana yule alinirudishia mfuko, akauliza kama anaweza kubaki na ile karatasi ampelekee mwanawe.

Nilimpa. Nikamwambia asiiweke juani.