Siku Moja Maishani Mwangu: Saa Kumi Ndani ya Studio ya Katuni za Televisheni

Saa 2:00 asubuhi

Kabla ya barua pepe, nafungua folda ya renda za usiku, yaani picha kamili ambazo kompyuta hutoa kutoka kwenye kazi yetu. Kompyuta zimekesha zikitoa shoti 14, na kila shoti ni mfululizo wa picha moja moja zilizopewa namba za tarakimu nne: 0001, 0002, na kuendelea. Hatutoi faili moja la video. Programu ikijifunga kwenye fremu ya 311, yaani picha ya 311, video yote inaharibika, ilhali mfululizo wa picha unaendelezwa kutoka 0311 bila hasara.

Picha nazipanga kwa ukubwa wa faili, si kwa jina. Iliyo nyepesi kuliko wenzake mara nyingi imekosa mhusika au mandharinyuma, kwa sababu mtu alibadilisha jina la faili baada ya kuliunganisha na shoti. Dakika 10 zinatosha kuzibaini zote na kuzirudisha kwenye foleni.

Saa 3:00

Kikao, na kikao ni hesabu. Kipindi cha dakika 11 kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 15,840. Mhuishaji mzoefu (fundi wa kuipa michoro mwendo) anayetumia rigi, yaani kikaragosi cha kompyuta kilichokatwa vipande na kuunganishwa kwenye viungo, kwetu hutoa sekunde 6 safi kwa siku. Sekunde 660 ukizigawa kwa 6 unapata siku 110 za mtu mmoja. Watu 10 watamaliza ndani ya siku 11 kama hakuna shoti inayorudishwa. Hakuna kipindi ambacho shoti hazirudishwi, kwa hiyo tunapanga siku 14.

Ndiyo maana kila asubuhi tunaulizana: leo nini hakitasogea?

Swali hilo ndilo lililojenga katuni za televisheni. Mwaka 1957 kampuni ya filamu ya MGM ilifunga idara yake ya katuni, na William Hanna na Joseph Barbera, waliokuwa wakifanya kazi humo, wakaanzisha studio yao kuhudumia televisheni. Bajeti ilikuwa sehemu ndogo mno ya ile waliyozoea kwenye katuni za sinema. Mtazame Yogi Bear: dubu asiye na shati, lakini ana kola na tai. Kola inaficha mshono wa shingo. Kiwiliwili kilichorwa mara moja kwenye karatasi angavu ya plastiki na kuachwa chini ya kamera, kisha kichwa peke yake kikachorwa upya kila alipozungumza. Japani nako, katuni ya televisheni ya Osamu Tezuka na studio yake ya Mushi Production ilianza kurushwa tarehe 1 Januari 1963. Wao mara nyingi walishikilia mchoro mmoja kwa fremu 3, na waliweka akiba ya michoro iliyokwisha kutumika ili waitumie tena.

Wapo wanaouita ufundi huu uvivu. Mimi nauheshimu sana. Mhusika anayesimama tuli kwa sekunde 3 anahitaji pozi imara kuliko anayekimbia, kwa kuwa mtazamaji anapata muda wa kumkagua.

Saa 4:00

Midomo. Hii ndiyo kazi inayokula asubuhi yangu, na siionei uchungu.

Chukua sentensi hii: "Mama, baba amepotea." Mwigizaji ameisema kwa sekunde 2, yaani fremu 48. Midomo inakutana mara sita: m, m, b, b, m, p. Kabla ya kugusa irabu yoyote, natafuta sehemu hizo sita kwenye wimbi la sauti na kuziwekea umbo la mdomo uliofungwa, kila moja fremu 2 kamili. Fremu 1 haitoshi, jicho haliioni, na mtu atalalamika kwamba "sauti imepishana" bila kujua kwa nini.

Kisha mdomo wote nautanguliza mbele ya sauti kwa fremu 1 au 2. Mwanga hutufikia kabla ya sauti, kwa hiyo ubongo umezoea kuona kwanza na kusikia baadaye. Mdomo ukitangulia kidogo hakuna anayegundua. Ukichelewa kwa kiasi hichohicho, kila mtu anagundua.

Kosa la wageni ni kuweka umbo kwa kila herufi. "Amepotea" ina irabu tano ndani ya muda usiozidi sekunde moja. Ukiziweka zote, mdomo unatetemeka kama wa mtu mwenye baridi. Nabakiza *a* ya kwanza, kufunga, kufunga tena, *o* yenye mdomo wa mviringo, na *a* ya mwisho. Zile *e* zinapita kwenye umbo moja la katikati. Programu ya kupanga midomo yenyewe ni msaada mzuri wa rasimu, lakini huziruka *b* na *m* za mazungumzo ya haraka, na hizo ndizo zinazobeba sentensi.

Saa 6:00 mchana

Marekebisho ya rigi. Kiwiko kikipinda kupita kiasi, pengo linatokea kwenye kiungo. Dawa yake ni kuweka kipande cha duara chenye rangi ya ngozi chini ya mkono. Kosa lisilo na dawa rahisi ni kuhamisha egemeo la kiungo, yaani nukta kinapozungukia, baada ya uhuishaji kuanza: kila pozi lililopita linahama nalo. Mhusika akikuzwa hadi asilimia 200, mistari yake nayo inanenepa mara mbili, kwa hiyo shoti za karibu zina rigi yake ya pekee.

Saa 7:00

Chakula.

Saa 8:00

Miguu. Mzunguko wetu wa kutembea una michoro 12, kila mmoja unakaa fremu 2, hivyo mhusika anapiga hatua mbili kwa sekunde moja. Anatembea papo hapo, na ardhi ndiyo inayosogea. Mguu uliokanyaga ukirudi nyuma pikseli 20 kwa kila mchoro, ardhi nayo irudi pikseli 20 kwa kila mchoro. Ikizidi au ikipungua, mhusika anateleza.

Kuna kosa la pili lililojificha. Mtu anasogeza ardhi pikseli 10 kwa kila fremu. Jumla ni ileile, lakini kwenye fremu ya pili ya kila mchoro ardhi imesogea na mguu haujasogea, na soli inacheza juu ya barabara. Ikiwa miguu inaonekana, ardhi isogee kwa mwendo wa mguu, kila baada ya fremu 2. Hapo nguzo na miti ya nyuma huanza kurukaruka machoni. Kwa shoti ndefu jibu ni la tangu zamani: kata picha kiunoni, miguu isionekane, na mandharinyuma iende laini kila fremu.

Mandharinyuma ya kujirudia nayo ina sheria zake. Kwa pikseli 240 kila sekunde, picha yenye upana wa pikseli 2,880 inajirudia baada ya sekunde 12. Ncha ya kushoto lazima ishikane na ya kulia. Na mlango mwekundu usiwekwe humo, maana mtoto atauona ukipita mara ya pili.

Saa 10:00 jioni

Ukaguzi wa mwanga. Tarehe 16 Desemba 1997, kipindi kimoja cha Pokémon kilichorushwa Japani kilikuwa na mwako wa haraka wa nyekundu na buluu, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali. Hili silifanyii haraka hata siku moja. Mwako mkubwa usizidi mara 3 ndani ya sekunde moja, na nyekundu iliyokolea naichunguza zaidi. Radi nazigeuza ziwe mwako mmoja unaofifia taratibu. Sauti inapimwa pia: vituo vinavyofuata kipimo cha Ulaya vinataka LUFS (kizio cha ukubwa wa sauti) -23, vya Marekani -24.

Saa 11:00

Naandika marekebisho. "Mkono haujakaa vizuri" haimsaidii mtu. Naandika: "Shoti 087, fremu 112 hadi 118, mkono wa kulia uko nyuma ya koti, uwe mbele." Mhuishaji anafika mahali penyewe bila kunitafuta.

Saa 12:00

Foleni ya usiku. Kabla ya kuondoka natoa fremu tatu za kila shoti, ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, na kuzitazama zikiwa zimejaa kioo. Kwenye 087 mkono bado uko nyuma ya koti. Naitoa kwenye foleni, nyingine 13 naziacha ziende.