Nilivyokuwa Balozi, Tabora

Jana jioni tukiwa Kibirizi binti yangu alinyoosha kidole kwenye milima ya Kongo. "Baba, eti bomu la Hiroshima lilitoka kule?" Nikamwambia si hapo, ni kusini sana, Katanga, mgodi wa Shinkolobwe, tena ni madini ya urani yaliyotoka huko, bomu walitengeneza Wamarekani. Yeye akarudi kwenye mgebuka wake, mimi kimawazo nikarudi shuleni Tabora.

Kidato cha tano, prepo ya usiku, umeme umekatika. Mwalimu wa historia, yule mwembamba, akawasha chemli. Somo lilifundishwa kwa Kiingereza, ila gizani hata yeye alihamia Kiswahili. Akatugawia vyeo. Mmoja Jenerali Groves, mkuu wa mradi wa bomu. Mwingine John Anderson, Waziri wa Fedha wa Uingereza. Mimi John Winant, balozi wa Marekani London, Novemba 1944.

Anderson akaja sikioni, mpole kama mshenga. "Mheshimiwa, mwanasayansi wetu wa atomu, Halban, anataka kwenda Paris kumwona Mfaransa Joliot-Curie, mkubwa wake wa zamani. Wafaransa tuna ahadi nao. Mruhusu tu." Paris imeshakombolewa, Mfaransa ni mwenzetu, kuna ubaya gani? Nikaitikia.

Groves akapiga dawati, chemli ikayumba. "Nani karuhusu? Quebec, Agosti 1943, tulisainiana na Waingereza: siri ya bomu haendi nayo mtu wa tatu mpaka wote wawili turidhie!" Nikamgeukia Anderson. Anderson anahesabu kenchi. Ahadi ya Wafaransa ilikuwa mfukoni mwake muda wote. Wamarekani hawakuonyeshwa kule Quebec.

"Jitetee, balozi," mwalimu akasema.

Nilisimama. Mbu wananila, darasa zima kimya, na jibu nililonalo ni moja: sikuambiwa. Nilihisi kabla sijalitamka kwamba jibu hilo ni la kweli na halifai kitu. Mpaka leo sijapata lingine.

Wakati huohuo kijana wa Kigoma, mama yake Mkongo, akauliza yeye anacheza nani. Mwalimu akafikiri. "Wewe kaa hapo mezani. Wewe ni urani." Tulicheka mpaka mwalimu wa zamu akaja dirishani. Jina lilimganda.

Tukielekea bwenini Urani akaniambia, "Wewe angalau walikunong'oneza."

Swali la balozi halikuja kwenye mtihani.