Meneja alipoondoka na wateja: tulivyoziendesha kesi za kampuni yetu Mafinga

Kampuni ninayoifanyia kazi inapasua na kuuza mbao na nguzo hapa Mafinga, mkoani Iringa. Ni kampuni ya familia. Mwenye mali tunamwita Mzee, mimi ni mhasibu wake, na kati yetu alikuwepo meneja mkuu ambaye ndiye aliyejuana na wateja: wenye maduka ya vifaa vya ujenzi Dodoma, makandarasi wa Dar es Salaam, mafundi wa mapaa wa Iringa mjini. Alipoachishwa kazi mwaka 2021, haukupita muda mrefu tukawa na mafaili matatu mezani. Yeye alilalamika kwamba tumemwachisha isivyo haki. Sisi tuliwadai wateja wa zamani, wao wakasema walishamlipa yeye. Na kulikuwa na mteja aliyetudai nguzo ambazo kwenye vitabu vyetu hazikuwahi kuuzwa.

Mzee aliiona ni vita moja. Mtu ni mmoja, ubaya ni mmoja, basi na dawa iwe moja: tuzuie stahiki zake zote, tuwakatae wateja wake wote, polisi wamkamate. Kazi yangu kubwa katika mambo yote yaliyofuata ilikuwa kumshawishi kwamba yale ni mambo matatu. Kila moja lina mahali pake pa kusikilizwa, muda wake na ushahidi wake, na ukilichanganya na jingine utapoteza yote.

Kilichomwondoa meneja ni karatasi ya kawaida kabisa kwa watu wa mbao. Mzigo wa mazao ya misitu hautoki Mafinga bila hati ya kusafirishia, ile tunayoiita TP, inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu. Ndani yake kuna namba ya gari, aina ya mazao, ujazo, mzigo unakotoka na unakokwenda. Nilipokuwa nafunga hesabu za mwezi nikakuta TP za kampuni zisizo na ankara. Mbao zetu za inchi 2 kwa 6 zimesafiri kwa jina letu hadi Ipogolo, Iringa mjini, kwenye yadi ambayo kila mpasua mbao anajua ni ya shemeji yake meneja.

Mzee alitaka kumwita ofisini, achukue funguo, mambo yaishe. Nilimsihi tusubiri. Tanzania kumwachisha mtu kazi kunahitaji vitu viwili chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: sababu halali na utaratibu wa haki. Unaweza kuwa na mwizi aliyeshikwa mkono ndani ya droo na bado ukashindwa kwa sababu ya utaratibu. Kanuni za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinaeleza hatua: uchunguzi kwanza, kisha mashtaka kwa maandishi, kisha muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mwenyekiti wa kikao awe mtu wa ngazi ya juu asiyehusika na tukio lenyewe. Kwenye kampuni ya familia hilo la mwisho ni gumu, maana kila mtu ni mtoto, mpwa au mkwe wa mwingine. Tukampata mdogo wake Mzee, mkurugenzi anayelima parachichi Njombe na ambaye hashiriki shughuli za kila siku. Alikuja, akasikiliza pande zote, akaandika uamuzi wake kwa sababu zake. Muhtasari wa kikao ukasainiwa kila ukurasa.

Kisha yakaja malipo ya mwisho, na hapo ndipo nilipogombana na Mzee kwelikweli. Mtu aliyeachishwa kazi, hata kwa kosa, anadai mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo aliyokuwa hajachukua, na cheti cha utumishi. Kama aliajiriwa kutoka mahali pengine, anadai pia usafiri wake na mizigo yake kurudi huko. Meneja wetu tulimtoa Tanga.

"Nimlipe nauli mwizi?" Mzee akaniuliza.

"Mlipe leo, Mzee. Usipomsafirisha, sheria inakudai posho ya kujikimu kwa muda wote anaosubiri. Akikaa mwaka hapa Mafinga anasubiri, utalipa mwaka."

"Na mbao zangu?"

"Mbao tutazidai, lakini si kwa kumkata hapa. Huwezi kukata hasara kwenye mshahara wa mtu kwa kukadiria mwenyewe, bila yeye kukubali kwa maandishi."

Hakunijibu. Kesho yake asubuhi alinikuta ofisini, akaweka hundi mezani, akatoka bila hata kuitikia shikamoo yangu. Sikujali. Hundi ilikuwa imesainiwa.

Meneja alifungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, Iringa, ndani ya zile siku 30 alizopewa na sheria. Kwenye Tume mambo huanza kwa usuluhishi, yakishindikana yanakwenda kwa mwamuzi. Yetu yalishindikana haraka, kwa sababu alitaka fidia ya mishahara ya miaka mitatu. Alijua anachofanya: kwa sheria ya wakati ule, mwajiri aliyeonekana kuachisha isivyo haki alikuwa hatarini kulipa fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12. Kwa mwamuzi hakuna aliyebishana sana juu ya tabia ya meneja wala juu ya uchungu wa Mzee. Waliuliza barua ya mashtaka alipokea lini, kikao kilikaa lini, nani aliongoza. Mimi ndiye nilitoa ushahidi wa nyaraka, na zile TP zilisomwa moja moja. Tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi, ilisema sababu ni halali na utaratibu umefuatwa. Stahiki nyingine zilikuwa zimeshalipwa na risiti zipo, hivyo hakukuwa na cha kuamriwa. Alikuwa na wiki sita za kupeleka maombi ya marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Hakupeleka.

Kwa wateja ilikuwa habari nyingine. Ushauri wa kwanza tuliopewa mjini ulikuwa kutangaza gazetini, picha yake na maneno "huyu si mfanyakazi wetu tena". Wakili wetu, mama mmoja mtulivu wa Iringa, alishauri tuwaandikie wateja mmoja mmoja. Tangazo la picha lina harufu ya kashfa likiongeza neno moja tu la ziada, na halithibitishi kwamba mteja fulani wa Dodoma amelisoma. Barua aliyosaini kuipokea inathibitisha. Barua zetu zilikuwa fupi: fulani si mwajiriwa wetu tangu tarehe hii, malipo yote yapitie akaunti hii ya benki, tafadhali tuletee hesabu yako tulinganishe.

Majibu yakawagawa wateja wenyewe. Wapo waliomtumia meneja pesa kwenye simu yake kabla hajaondoka, na kampuni ilikuwa imezoea kupokea hivyo. Siku za soko mtandao wa benki ukisumbua, Mzee mwenyewe alikuwa anawaambia "mtumie meneja". Wakili alisema wazi kwamba hao wamelipa. Aliyemweka mtu mbele ya duka lake hawezi kumgeuka mnunuzi kwa kumwamini mtu huyo. Tulifuta madeni yao, wakabaki wateja. Kundi la pili walimtumia baada ya kusaini barua yetu. Hao tuliwadai. Kundi la tatu hawakuwa wamemlipa mtu yeyote, walikuwa wanasubiri tu waone kampuni itagawanyika upande gani.

Nilivyowajua: niliwaomba taarifa za miamala ya simu zao wenyewe. Taarifa ya simu ya meneja tusingeipata bila amri ya mahakama, lakini mteja anaweza kuomba ya kwake kwa kampuni yake ya simu. Aliyelipa kweli aliileta kwa furaha. Wale wa kundi la tatu walianza kupoteza simu.

Hapa niseme machache kuhusu ushahidi, maana ndiko watu wa biashara za kwetu wanakoangukia. Risiti za mashine ya EFD, ile ya kielektroniki ya risiti za kodi, zinafifia. Za miaka miwili nyuma zilikuwa karatasi nyeupe. Zitoe nakala mapema. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa kupokelewa mahakamani, na kuulipia baadaye kuna adhabu. Mazungumzo ya WhatsApp yanapokelewa, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu, ila lazima mtu aeleze yametoka kwenye simu gani, nani alikuwa nayo, na yalichapwaje. Simu ya ofisi niliifungia kwenye sefu. Na kabla kampuni haijafungua kesi yoyote, andaeni azimio la bodi la kuifungua. Mawakili wa upande wa pili hupenda sana kuanzia hapo.

Mteja mmoja wa Dodoma tuliyemdai alisema tukamshitaki Dodoma. Mkataba ulifanyika Mafinga na malipo yalipaswa kufanyika Mafinga, kwa hiyo tulifungua huku huku Mufindi, wilaya yetu. Hakimu alitupeleka kwanza kwenye usuluhishi, kama kanuni zinavyotaka, na huko huko mteja akakubali kulipa kwa awamu. Makubaliano yakaandikwa, yakasajiliwa kuwa amri ya mahakama. Hilo ni muhimu kuliko ahadi mbele ya chai, kwa sababu akisimama kulipa huanzi kesi upya, unakwenda moja kwa moja kukazia hukumu, yaani kuomba itekelezwe. Mwingine alikuwa na deni la zamani, likielekea kutimiza miaka sita ambayo ndiyo ukomo wa madai ya mkataba. Huyo hatukumpeleka popote. Nilimwomba tu aandike barua kukiri kiasi anachodaiwa, akaandika bila kinyongo, na hesabu ya miaka ikaanza upya kuanzia saini yake.

Mteja wa nguzo ndiye aliyemuumiza Mzee. Alikuwa na karatasi yenye nembo ya kampuni, muhuri wetu, saini ya meneja, na malipo ya awali yaliyofanyika wakati meneja bado yuko kazini. Pesa haikufika kwetu hata shilingi. Tulikaa naye ofisini kwa wakili, tukakubaliana apewe nusu ya nguzo kwa bei ya mwaka ule na nusu irudishwe taslimu. Mzee alisaini huku ananung'unika Kihehe, maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.

Fedha hiyo ndiyo tuliyokwenda kuidai kwa meneja, peke yake, bila kuichanganya na mbao wala na hasira. Wengi wangekimbilia mahakama ya wilaya. Wakili alisema dai lililozaliwa na ajira lianzie Tume, na kwa madai ya aina hiyo muda ni siku 60, kwa hiyo tulilifungua mapema, wakati lile la kwake bado linasikilizwa. Msuluhishi alimwonyesha ile karatasi ya nguzo yenye saini yake. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaomba alipe kwa miezi 24.

Analipa. Mwezi mwingine anachelewa, namwandikia ujumbe, anajibu "nakuja mama", na baada ya siku kadhaa benki inanitumia taarifa. Mteja mmoja wa kundi la tatu bado tunaye mahakamani. Dalali wa mahakama ameshaorodhesha gari lake, na yeye ameleta pingamizi kwamba gari ni la mke wake. Litasikilizwa.