Vile nilibadilisha mpini wa wembe wa babu

Wembe wa babu ni ile ya kukunja, chuma imeandikwa Sheffield (mji wa Uingereza unaojulikana kwa visu na nyembe), na mpini ulikuwa wa seluloidi, hii plastiki ya kitambo ambayo ikianza kuoza inatoa mvuke wa asidi. Sasa kila nikiukunja napata kutu mahali pale pale, nasugua, napaka mafuta, wiki mbili kutu imerudi. Nikajua shida si chuma, ni mpini.

Nilianza na mvule juu kipande kilikuwa kwa nyumba. Inapendeza sana lakini hapa Kisumu na hii unyevu, plus maji na sabuni ya kila asubuhi, upande mmoja ukapinda na makali yakaanza kugusa mbao. Hapo wembe umeisha, unanoa bure.

Fundi mmoja wa soko la Kibuye, hapa Kisumu, ndiye aliniambia, "Kijana, tafuta pembe ya ng'ombe." Nikachukua kwa wachinjaji, nikaikata, nikaichemsha mpaka ikalegea (inanuka kama nywele zikiungua, fanyia nje), nikaibana kwa jiliwa kati ya vyuma viwili bapa mpaka asubuhi. Vipande viwili, unene karibu milimita 3. Vishikanishe na selotepu ya pande mbili uvichonge na kuvitoboa pamoja, drili ya milimita 1.6, la sivyo mashimo hayataonana.

Mahali watu wanakosea ni kabari, kile kipande kidogo kinachokaa kati ya vile vipande viwili vya mpini, kule nyuma. Ndiyo inaamua wembe ukifungwa unakaa katikati ama unalala upande. Yangu niliichonga na mfupa, nene kule mwisho, nyembamba ikija mbele, na niliirudia mara tatu, napiga tupa kidogo, nafunga na skrubu ndogo za kujaribia, naangalia kwa mwanga, nafungua tena. Usiharakishe hapa kabisa.

Msasa nilianza namba 220 mpaka 2000, kutoka 400 natumia na maji, na maski juu hilo vumbi ni baya kwa kifua. Mwisho dawa ya kung'arisha shaba na kitambaa cha jinzi, pembe ikatoka nyeusi na mstari wa rangi ya asali ndani yake. Waya wa brasi, ile pini inayopita kwa mashimo kushika wembe na mpini, niliugonga na nyundo ndogo, pole pole, nikizunguka, mpaka wembe ukafunguka kwa kidole kimoja bila kujiangukia.

Ni miezi saba, kutu hakuna. Mpini naupaka mafuta kidogo kila mwezi juu pembe ikikauka inapasuka, na kuna wadudu wanaila.