Kalipa ya kushoto

Wiki nzima Corolla yangu ilikuwa ikivuta kushoto, na kila nikifika mjini Nakuru kutoka Kiamunyi, rimu ya mbele upande huo inachoma mkono. Fundi alinitajia bei ya kalipa ya mtumba, kile kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski ya gurudumu, nikanyamaza tu. Nikanunua mipira ya kalipa, chupa ya mafuta ya breki ya DOT 4 na msasa namba 1000. Jumamosi nikapiga jeki uani.

Pistoni, ile inayosukuma pedi ndani ya kalipa, iligoma kutoka. Nikaweka kipande cha mbao mbele yake, mama watoto akakanyaga breki taratibu huku mpira wa mafuta ukiwa bado umeunganishwa na kalipa. Ikachomoka, mafuta yakarukia fenda. Mbio nikafuata maji, maana yale hubambua rangi.

Mpira wa vumbi ulikuwa umepasuka na kutu imejaa ukingoni. Nakuru na vumbi lake! Nilisugua polepole, bahati nzuri pistoni haikuwa na mashimo. Mpira wa ndani ndio huirudisha pistoni nyuma ukiachia breki. Ukikauka, pedi hubaki zimebana diski. Niliupaka mafuta ya breki yenyewe, si grisi ya kawaida, ambayo huvimbisha mpira.

Kutoa hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki ndiko kulitumaliza.

"Kanyaga. Shika hapo. Haya, achia."

"Baba Wambui, mguu umekufa ganzi!"

Jirani alidhani tunagombana.

Jumapili nilishuka mjini. Gari limenyooka, rimu zote mbili vuguvugu. Sasa kalipa ya kulia naitazama kwa jicho baya.