Nilivyochagua programu ya kurekodia gitaa nyumbani

Kwa miezi mitatu nimekuwa nikitafuta programu ya kurekodia nyimbo zangu nyumbani, Tabata, na kwa kuwa wapigaji wenzangu kadhaa wameniuliza nimefikia wapi, naona nieleze kwa kirefu. Muziki kwangu si kazi ya kunilipa. Napiga gitaa la ridhim katika mtindo wa dansi, jioni baada ya kazi, na vyombo vyangu ni kompyuta mpakato iliyotumika niliyoinunua Kariakoo, pamoja na kadi ndogo ya sauti yenye matundu mawili.

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa FL Studio, kwa sababu maprodyuza ninaowafahamu hapa mjini karibu wote wanaitumia. Programu hiyo, ambayo zamani iliitwa FruityLoops, ilianza kama chombo cha kupangia midundo hatua kwa hatua, na kwa mtu anayetengeneza biti ya singeli au bongo fleva ni chaguo zuri sana. Mimi, hata hivyo, sipangi biti. Napiga wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho, dakika sita au saba mfululizo. Zaidi ya hayo, toleo lake la majaribio linakuruhusu kuhifadhi kazi lakini halikuruhusu kuifungua tena mpaka ulipe, na mtu anayerekodi kidogo kidogo kila jioni hawezi kuipima ipasavyo kwa namna hiyo.

Nikahamia Audacity, ambayo ni ya bure na imekuwapo tangu mwaka 2000. Kwa kukata na kusafisha sauti iliyokwisha kurekodiwa, bado naitumia na nitaendelea kuitumia. Tatizo lilijitokeza nilipoweka gitaa la solo juu ya ridhim: kila nilichopiga kilionekana kimechelewa, nami nikalazimika kupima ucheleweshaji huo na kuurekebisha kwa mkono.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima, na natamani mtu angenieleza mapema. Kompyuta haipitishi sauti papo hapo, bali huikusanya kwanza katika bafa, yaani hifadhi ya muda mfupi. Ukirekodi kwa sampuli (vipimo vidogo vidogo vya sauti) 48,000 kwa sekunde na bafa ya sampuli 1,024, sauti husubiri takribani milisekunde 21 wakati wa kuingia na nyingine kama hizo wakati wa kutoka. Kwa kuwa sauti husafiri kama sentimita 34 katika kila milisekunde moja hewani, ni sawa na kupiga gitaa huku spika yako ikiwa zaidi ya mita 14 kutoka uliposimama. Katika sehemu ya taratibu ya wimbo mtu anaweza kuvumilia, lakini wimbo ukifika kwenye chemko, ambapo ridhim na solo hujibizana kwa haraka, mkono hupoteza njia kabisa. Nilipopunguza bafa hadi sampuli 256, kila upande ulibaki na milisekunde 5 hivi, na uchezaji wangu ukarudi. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu programu yoyote ni hili: je, katika kompyuta hii niliyo nayo, itafanya kazi kwa bafa ndogo bila sauti kukatikakatika?

Programu iliyonijibu vizuri ni Reaper. Imebuniwa na Justin Frankel, yuleyule aliyetengeneza Winamp, ambayo wengi wetu tuliizoea katika intaneti kafe za miaka ya 2000. Faili lake la kusakinisha halifiki megabaiti 30, jambo la maana sana kwa anayetumia bando la simu, nayo hurekebisha yenyewe nafasi ya traki mpya (sauti ya chombo kimoja iliyorekodiwa peke yake) kulingana na ucheleweshaji unaoripotiwa na kadi ya sauti. Majaribio yake ni ya siku 60, pasipo kipengele chochote kilichofungwa, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Sura yake haivutii, na menyu zake ni nyingi kiasi cha kuchosha. Wiki ya kwanza nilitumia muda mwingi kutafuta vitufe kuliko kupiga.

Kuna watakaosema kwamba zipo nakala zilizovunjwa ulinzi, zinazogawiwa bure kwa flashi. Mimi nimekataa kuzitumia, kwa sababu sisi wanamuziki tunalalamika kila siku kwamba nyimbo zetu zinanakiliwa bila malipo, na siwezi kulalamika hivyo huku namnyima haki yake aliyeunda chombo ninachorekodia.

Leseni nimeilipia mwezi huu. Wimbo wa kwanza una traki tano sasa; ridhim niliirekodi saa tano usiku, bodaboda zilipopungua barabarani na mvua ilipoacha kupiga bati, na kinachosubiriwa ni besi ya mwenzangu wa Mbagala, ambaye nimemtumia traki zote ili apigie kwake.